Barua ya wazi kwa wanaodhamini mbio Lubumbashi: viatu vile mlivichora

Kwa wakurugenzi wa sosiete, yaani kampuni, zinazoweka nembo zao kwenye mbio za hapa Lubumbashi; kwa Mheshimiwa Meya na maburgumesta, wakuu wa komuni za mji, wanaopiga muhuri kwenye ruhusa za mbio na za pano, yale mabango makubwa ya matangazo barabarani; na kwa viongozi wa riadha wa jimbo letu la Haut-Katanga, Kongo.

Wakubwa wetu,

Mimi ni mchapaji wa tisheti, niko Katuba. Asubuhi kabla ya kufungua duka, na jioni nikishafunga, nafundisha vijana mbio. Kwa sasa wako kumi na saba. Wengi wenu mmeshavaa kazi yangu bila kunijua. Kama mnayo tisheti nyeupe ya mbio za mwezi wa sita mwaka jana, ile yenye nembo tano mgongoni, imepita mikononi mwangu. Kama rangi imetoka baada ya kufuliwa mara tatu, ulizeni bei mliyokubali kulipa, msiniulize mimi. Lakini siyo hilo lililonifanya nishike kalamu.

Nawaandikia kwa sababu ya pano moja.

Mwaka jana, wakati wa baridi ile ya asubuhi inayomfanya mtu apulizie viganja, mlituandalia mbio za kilomita 10, kutoka Posta mpaka Karavia na kurudi. Binti mmoja wa kikundi changu, ana miaka 19, alishinda upande wa wanawake. Jina lake silitaji. Majirani wamekwisha kulitaja vya kutosha. Alipewa bahasha ya dola 50, kofia, na kadi za unite za simu. Alipigwa picha akikata utepe, mikono juu, mdomo wazi, dosari namba 214 kifuani.

Naomba nitoke njiani kidogo. Namba anayobandikwa mkimbiaji kifuani sisi huku tunaiita dosari, neno tumelitoa kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wakitusikia hucheka, maana kwao dosari ni kasoro, ni doa. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nanyamaza.

Miezi mitatu ikapita. Kijana wa ofisi moja ya matangazo akaja dukani na flashi mfukoni, anataka tisheti 300 zenye picha kwa ajili ya wauzaji wenu. Nikafungua faili, nikamkuta binti wangu. Nikaikuza picha nione kama itachapika, na mimi hukagua kuanzia chini, kwenye miguu, kwa sababu huko ndiko weusi hujazana na kuharibu kazi. Sasa, viatu alivyovaa siku ile navijua. Nilimwazima mimi. Ketchi za mtumba, za bluu. Soli ya kulia ilikuwa imeachia, nikampelekea fundi pale soko la Kenya, akaigandisha kwa kole, yaani gundi, na kuishonea kisigino cha tairi la pikipiki. Vinapokezana miguu miwili: binti huvivaa asubuhi, jioni huvivaa kijana mwingine mwenye mguu mdogo.

Kwenye faili hapakuwa na bluu wala tairi. Palikuwa na viatu vyeupe, vipya, kamba zimefungwa vizuri kama za mtoto wa komunyo ya kwanza, na ubavuni nembo ya sosiete yenu. Kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akamvua ketchi zangu, akamvalisha viatu ambavyo havijawahi kuwako duniani. Ilikuwa kazi safi, nasema kama mtu wa kazi hiyo. Hata kivuli cha kiatu juu ya lami kilikuwa kimechorwa upya.

Nikamwuliza: huyu mtoto amekubali? Akanijibu bila ubaya wowote: "Papa, ni picha ya mbio. Mbio ni za sosiete."

Nikachapa. Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nilichapa zote 300, nikalipwa, nikanunua wino na mfuko wa unga. Kwa hiyo msiisome barua hii kama ya mtu aliyekaa pembeni na mikono safi.

Pano ikasimamishwa wiki iliyofuata, kwenye barabara ambayo nusu ya Katuba huipita kwenda mjini. Na hapa ndipo ningependa mnisikilize polepole, kwa sababu nadhani mkiwa ofisini hamuwezi kuona pano inafanya nini ikishuka chini kwa watu.

Mama yake anapanga vyumba viwili. Mwenye nyumba alikuja Jumamosi, hakuketi. "Mama, mutoto yako iko ku pano muzima-muzima, na unanielezea hauna franga?" Kodi ikapanda kutoka dola 40 mpaka 60. Mjomba akatoka Likasi na begi lake, anatafuta mtu wa kumlipia garanti ya nyumba. Kanisani jina la familia likawekwa juu kwenye orodha ya mchango wa mabati, na hakuna aliyewauliza. Mdogo wake alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya ada, jambo ambalo lilimpata hata mwaka uliotangulia, ila safari hii alirudi analia, kwa kuwa darasa zima lilikuwa limemwambia akamwombe dada yake wa pano. Mama akajaribu kueleza kwamba hawakupewa kitu. Hapo ndipo ubaya ulipoongezeka: sasa wakaonekana wana pesa, tena wachoyo, tena waongo.

Binti mwenyewe alibadili njia. Tunakimbia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuelekea upande wa Kasapa, na kwa wiki nyingi alikuwa anazunguka kwenye vichochoro asipite chini ya uso wake. Nilipomwuliza alisema kitu ambacho sikukitegemea. Hakuzungumzia pesa. Alisema: "Kochi, vile viatu. Watu wananiomba niwaonyeshe."

Tulifundishwa shuleni kwamba mchumia juani hulia kivulini. Nimekipima kivuli cha pano ile. Saa tisa alasiri kinawaangukia wauza unite wawili na mama mmoja wa ndizi, na katika mtaa wetu mzima sijui mwingine aliyefaidika nayo.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Sitaji ofisi ya nani. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti na sukre, yaani soda, ya baridi, na mama wa mawasiliano, mtu wa heshima zake, akanieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba binti alitia sahihi fomu ya kujiandikisha. Ni kweli. Niliporudi dukani niliitafuta fomu hiyo, na ole wangu, ilitoka kwenye mashine yangu mwenyewe. Nimezichapa mamia bila kuzisoma. Mstari wa mwisho kabisa, herufi za mchwa, kwa Kifaransa cha mahakamani: mshiriki anaruhusu picha yake itumike. Itumike wapi, mpaka lini, kwa kuuza nini, haisemi. Binti alisaini saa kumi na mbili asubuhi, kwenye foleni, akitumia mgongo wa mwenzake kama meza. Na hata tukikubali kwamba sahihi ni sahihi, fomu inasema picha. Viatu vile si picha. Hakuna aliyevipiga picha.

La pili aliloniambia ndilo lililonikaa: "Papa, tumemfanyia publisite ya bure. Kuna wanamuziki wanalipa ili wawekwe pale." Sikuwa na jibu, nikamaliza sukre yangu. Jibu lilinijia nikiwa nimekwisha kupanda gari la kurudi. Mwanamuziki ana tamasha la Jumamosi la kuuza. Akijulikana, tiketi zinakwenda. Binti yule akijulikana anauza nini? Kitu chake cha kuuza kilikuwa ni uso ule na mbio zile, na tayari kilikuwa kimeuzwa, na aliyekipeleka sokoni si yeye.

Msinielewe vibaya. Sipingi matangazo, wala sisemi sosiete zitoke kwenye michezo. Nitakuwa mtu wa ajabu kusema hivyo katika mji huu. Timu yetu ya Kamalondo, inayovaa nyeusi na nyeupe, ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini, ikaitwa Saint-Georges. Ilikaa miaka michache tu na jina la mtakatifu. Katika miaka ya 1940 ikachukua jina la Englebert. Englebert ni nani? Siyo mtu aliyefunga goli. Ni tairi. Kampuni ya matairi ya Wabelgiji, ya Liège. Na kwa jina la tairi, Tout Puissant Englebert, babu zetu walitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na tena 1968, kabla timu haijajulikana kote kama Mazembe. Kwa hiyo Lubumbashi haihitaji kufundishwa maana ya kudhaminiwa. Tumekwisha kushangilia tairi kwa sauti ya uwanja mzima. Mimi mwenyewe kila nikiona kisigino cha ketchi zangu nacheka kidogo: bado tunatembea juu ya tairi, tofauti ni kwamba hili tumelinunua wenyewe kwa fundi.

Na katika mbio ndefu, anayetaka turudi enzi za kukimbia bila pesa hajui enzi hizo zilikuwaje. Paavo Nurmi wa Ufini alikuwa na dhahabu tisa za Olimpiki, na bado mwaka 1932 alizuiwa kukimbia Los Angeles kwa sababu ilisemekana amepokea malipo. Boston walikimbia marathoni tangu 1897 na hawakutoa zawadi ya pesa mpaka 1986, ilipoingia kampuni ya bima ya John Hancock. Miaka miwili baadaye, 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya akawa Mwafrika wa kwanza kushinda pale. Mnaona wenyewe tarehe zinavyofuatana. London ilipoanza marathoni yake mwaka 1981 mdhamini alikuwa Gillette, watu wa nyembe. Leo Berlin ina jina la gari na Chicago ina jina la benki, na hakuna mkimbiaji anayelia. Mlango wa pesa ulipofunguliwa, waliokuwa mbali ndio walioingia kwa wingi.

Sasa tazameni wanavyofanya wenyewe wenye mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na kitu pale Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Jambo lile lote lilibeba jina la INEOS, sosiete ya kemikali na plastiki. Wapo waliosema sosiete ile inaoga kwa jasho la Mkenya ili ionekane safi, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea. (Ninyi wenzetu wa migodi mnalijua hilo. Kijana anayekimbia alfajiri, mvuke ukimtoka mdomoni, anapendeza kwenye kalenda kuliko foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani.) Lakini Kipchoge alijua anabeba jina la nani, mpaka lini, kwa kiasi gani, ana mameneja, ana watu wa kumsomea herufi za mchwa. Isuzu ya kule kwao ilipotaka uso wake, ilizungumza naye, na gari akapanda. Na viatu vya Vienna, ambavyo ulimwengu mzima ulivibishania, vilikuwa miguuni kwake.

Au chukueni Tigst Assefa wa Ethiopia, Berlin, Septemba 2023. Saa 2, dakika 11, sekunde 53, rekodi ya dunia ya wanawake siku hiyo. Alipomaliza alivua kiatu akakibusu mbele ya kamera. Kiatu cha Adidas, gramu 138, dola 500 jozi moja. Tuliitazama video hiyo kwenye simu yangu, vijana wote wamenizunguka, kioo chenyewe kimepasuka. Mmoja akauliza: anakibusu kwa nini? Binti wa pano, wakati huo hajawa wa pano, akajibu: "Kwa sababu hakikumwachia soli." Tukacheka sana. Lile busu lilikuwa tangazo, tusidanganyane. Lakini alikuwa na kiatu cha kubusu.

Kuna upande mwingine, na huu ndio ulionifanya niandike sasa badala ya kungoja. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, akafariki 1973. Miaka mingi baadaye kampuni ya soli ya Vibram ikatoa kiatu chenye vidole, ikakiita Bikila. Familia yake ikaenda mahakamani Marekani mwaka 2015. Mwaka uliofuata jaji akaitupa kesi, kwa maelezo kwamba walikuwa wamejua kwa muda mrefu na wakakawia kulalamika. Mtu aliyejulikana duniani kote kwa kukimbia peku, jina lake likauza viatu, na watoto wake wakaambiwa mmechelewa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Bikila, binti wa Katuba akienda kulalamika mwaka wa tano, nani atamfungulia mlango?

Hata mkataba wenyewe ukiwepo, si dawa ya kila kitu. Mwaka 2019 wanawake kadhaa wa Marekani, akiwamo Kara Goucher wa mbio ndefu, walisema wazi kwamba walipopata mimba malipo yao kutoka Nike yaliguswa, kwa kuwa mkataba ulihesabu mbio tu. Kelele zikawa nyingi, na mwaka huohuo Nike ikabadili masharti yake. Naitaja kwa ajili ya viongozi wetu wa riadha, ambao kila nikizungumzia mikataba huniambia wasichana "watajipanga wenyewe."

Nyumbani hatujakosa watu. Ilunga Mande Zatara alibeba bendera yetu London mwaka 2012 na kukimbia marathoni. Makorobondo Salukombo aliikimbia Rio mwaka 2016, mtoto wa upande wa Goma aliyekulia ukimbizini. Ninapowataja kwa vijana wangu naona macho yanauliza: hao ni nani? Pano za mji huu zina nafasi ya wacheza mpira, waimbaji, wachungaji na wagombea. Mkimbiaji mnamtafuta mnapotaka mfano wa mtu anayeteseka kwa furaha.

Kuhusu nembo za bia kwenye mbio sitasema mengi. Kuna siku nililetewa kazi ya tisheti za bia saizi ya watoto, kwa mbio za shule. Hiyo nilikataa. Akachapa mwingine.

Sasa niseme ninachotaka, maana barua ya mtu asiyeomba kitu ni kelele tu.

Nataka karatasi moja. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa, tena usisainiwe kwenye foleni ya alfajiri. Useme picha ni ipi, itawekwa wapi, itauza nini, itashuka mwezi gani, italipwa kiasi gani na siku gani. Ikiwa itapelekwa Kolwezi au Likasi baadaye, useme. Ikiwa mkimbiaji hajafika miaka 18, mzazi awepo. Ikiwa ataumia au atapata mtoto kabla pano haijashuka, useme pesa yake inabaki vilevile, kwa kuwa picha haiumii na haizai. Na uwe na mstari mmoja ambao nimeuongeza mimi, mwanasheria kijana wa mtaani kwetu alipousoma alitabasamu lakini hakuufuta: kitu chochote ambacho mkimbiaji hakuwa nacho siku ya picha, na sosiete ikamchorea, sosiete itamletea.

Mheshimiwa Meya na maburgumesta, kwenu ni jambo dogo zaidi. Pano haisimami barabarani bila ruhusa na bila kulipiwa taksi, yaani ushuru. Nguzo ile ya chuma ina karatasi yenye muhuri. Binti aliye juu yake hana. Siku mtu anapoleta ombi la pano yenye uso wa mwanamichezo, mwulizeni karatasi ya pili. Haitawagharimu franka moja. Kama hana, mwambieni arudi kesho, kama mnavyotuambia sisi wengine.

Viongozi wa riadha, mnajua kwamba mnapokaa na wadhamini hotelini kupanga mbio, hakuna mkimbiaji mezani. Mwiteni mmoja. Hatakula chakula kingi.

Na ninyi wakurugenzi, kwa kuwa mnapenda hesabu, nawapa hesabu yangu. Ketchi za mtumba dola 15, zinaishi miezi minne zikipewa fundi. Mayai, maharage na bukari, yaani ugali, ya kutosha kwa mtu anayekimbia kilomita 80 kwa wiki, hapo ndipo mama zao hunitazama kwa jicho la pembeni. Nauli. Dawa ya kuchua. Mwaka mzima wa mkimbiaji mmoja wa Katuba ni mdogo kuliko bei ya turubai la pano yenu, na nasema hivyo kwa sababu turubai najua linauzwaje kwa mita. Mmetupa Jumapili moja, tunashukuru kweli, tulicheka siku nzima. Siku nyingine zote ni zetu peke yetu, na ndizo zilizoifanya picha ile ikawa nzuri.

Mtasema mkiombwa karatasi mtaacha kudhamini. Nimelifikiria hilo usiku, kwa sababu nikikosa kazi ya tisheti za mbio mimi ndiye wa kwanza kulala njaa. Sidhani mtaacha. Msanii mnasaini naye, mwenye kiwanja cha pano mnasaini naye, hata mimi wa tisheti 300 mnanidai fakture yenye muhuri.

Pano bado ipo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zimebandua kona ya chini kushoto, na upepo ukivuma turubai linajikunja mpaka usawa wa goti, kwa hiyo kuna saa binti anaonekana akikimbia bila mguu. Nimesikia kwamba inaweza kubadilishwa kwa mpya, picha ileile. Ndiyo maana sikungoja.

Nimechapa nakala hamsini za ile karatasi kwa wino wangu. Ziko dukani, ninafungua saa mbili asubuhi umeme ukiwepo. Anayetaka kusoma kabla ya kutuma mtu, aje. Nitampa kiti, ingawa sukre sina.

Na kama kuna mmoja kati yenu anayetaka kuanza na ule mstari wa mwisho kabla ya mingine: binti anavaa namba 38.

Mchapaji wa tisheti na kocha wa alfajiri,
Katuba, Lubumbashi